Pete za Kitunguu, au Kazi ya Kuyasimamia Maji

Chipsi hazihitaji fundi. Kiazi kina wanga wa kutosha kujifanyia gamba lake mara kinapoingia kwenye mafuta, na hata mtu asiye na mkono wa jiko akikikata na kukitumbukiza atapata kitu cha kulika. Samaki naye ana nyama inayoshikana kwa moto. Kitunguu maji hakina msaada wa namna hiyo. Karibu asilimia 89 ya uzito wake ni maji, kilichobaki ni sukari kidogo na nyuzinyuzi, na chote kimejengwa kwa tabaka zilizopangana bila kushikana. Kukitia ndani ya mafuta ya nyuzi 180 na kukitoa kikiwa kikavu nje, laini ndani, na bado kina umbo la pete, ni jambo ambalo wengi hujaribu na wachache huweza. Makala haya ni ya kuwasifu hao wachache.

Wapo wanaoiona pete ya kitunguu kuwa kitafunwa cha kitoto, kitu cha kusindikizia baga mtu akisubiri kinywaji. Wananikera kidogo. Mtu akisimama kando ya karai na kumtazama anayeijua kazi, ataona kwamba kila anachofanya, tangu sokoni mpaka sahani, kinahusu swali moja: maji yaliyomo ndani ya kitunguu yatoke lini, kwa njia gani, na kiasi gani kiachwe. Mafuta ni chombo tu. Yanayosimamiwa ni maji.

Kwanza kitunguu chenyewe. Cha kuungia mchuzi unaweza kuchukua chochote ambacho hakijaoza. Cha pete huchaguliwa: kikubwa, cha mviringo, kigumu ukikibonyeza shingoni. Shingo ikibonyea, uozo umeshaanza ndani, na tabaka moja bovu huwa na utelezi ambao rojo halitashika kamwe. Halafu kuna vile vyenye mioyo miwili. Kwa nje hujionyesha: kila kimoja kina bonde ubavuni, kana kwamba kimefungwa kamba kingali kinakua. Ukikikata hakitoi pete, kinatoa vipande vya umbo la figo. Fundi hukirudisha kwenye fungu bila kusema neno, na muuzaji anayemfahamu halalamiki.

Wamarekani, ambao chakula hiki ni chao kuliko cha mtu mwingine yeyote, wamebahatika kuwa na vitunguu vilivyokaribia kuzaliwa kwa kazi hii. Texas wana kikubwa kinachoitwa 1015, jina lililotokana na tarehe 15 Oktoba, siku inayopendekezwa kukipanda. Georgia wana Vidalia, kinachokua kwenye udongo wa kichanga wenye salfa kidogo, na kwa kuwa ukali wa kitunguu hutokana na salfa, Vidalia ni kitamu hata kikiliwa kibichi. Jimbo limekilinda kwa sheria tangu 1986: kikilimwa nje ya eneo lililotajwa, hakiruhusiwi kuuzwa kwa jina hilo. Sisi tuna chekundu. Cha Mang'ola, kwa mfano, kinacholimwa wilayani Karatu kwa maji ya chemchemi karibu na Ziwa Eyasi na kupandishwa malori mpaka Nairobi, ni kikali, hakina maji mengi kama vile vya Marekani, na hukaa ghalani muda mrefu. Wapo wapishi wanaosema hakifai kwa pete. Mimi nasema kinafaa sana. Ukali wake hugeuka utamu kwenye moto, na huo ukavu ni nusu ya kazi iliyokwisha kufanywa na shamba. Kinachopungua ni ukubwa tu, kwa hiyo pete zitakuwa ndogo. Basi, kula tatu badala ya moja.

Unene wa kukata ni sentimita moja au zaidi kidogo. Nyembamba zaidi ya hapo, kitunguu hunyauka na kupotea kabla gamba halijaiva, na unabaki unatafuna unga. Nene zaidi, gamba huwa limekwisha kuwa jekundu wakati cha ndani bado kinalia menoni. Kisu kiwe kikali, na si kwa ajili ya urembo. Kitunguu hakina kitu cha kutoa machozi mpaka seli zake zipasuke. Zikipasuka ndipo vimeng'enya hukutana na viambata vya salfa na kutengeneza ile hewa inayochoma macho. Watafiti wa Japani walitangaza mwaka 2002 kwamba kipo kimeng'enya maalumu cha kazi hiyo, ambacho kabla yake hakuna aliyekijua, na miaka kumi na moja baadaye walipewa ile tuzo ya mzaha ya Ig Nobel. Kisu kikali hupasua seli chache, kisu butu huziponda. Ukiona mpishi analia mto mzima, tazama kisu chake kwanza.

Baada ya kukata, pete huachanishwa moja moja kwa vidole. Zile za katikati, ndogo kama kifungo cha shati, huenda kwenye sufuria ya mchuzi. Hapa ubahili huharibu sahani nyingi: mtu hataki kupoteza, anazikaanga zote pamoja, na ndogo zinaungua wakati kubwa hazijafika popote.

Sasa tufike kwenye siri yenyewe. Kila tabaka la kitunguu, upande wake wa ndani, limefunikwa kwa utando mwembamba unaopenyeza mwanga. Ukikwangua kwa ukucha utauona ukibanduka. Utando huo ni laini kama nailoni, na rojo likiupata haligandi. Linakaa juu yake tu. Pete ikiingia kwenye mafuta, maji ya kitunguu huwa mvuke, mvuke hujikusanya kati ya utando na rojo, na gamba linaachana na kitunguu likiwa bado halijakauka. Huo ndio mwanzo wa msiba ambao kila mlaji anaufahamu. Unaing'ata pete kwa adabu, meno hayakati, na kitunguu chote kinatoka kwa pamoja kikining'inia kidevuni, cha moto, huku mkononi umebaki na bomba tupu la unga. Watu hucheka. Mimi huhesabu kwamba mpishi hakuondoa utando.

Anayejali huuondoa. Hukaa na beseni la pete, anauvuta mmoja mmoja. Ni kazi ya kuchosha, haionekani, na hakuna mteja atakayemshukuru kwayo. Mwandishi wa mapishi wa Marekani, J. Kenji López-Alt, alitoa njia ya mkato inayotegemea sayansi safi: pete zigandishwe kwenye friza, kisha ziyeyushwe. Maji yakiganda hutanuka na kupasua kuta za seli. Zikiyeyuka, pete zinakuwa legevu, maji mengi yanatoka yenyewe, utando unabanduka kwa urahisi, na kitunguu kilicholegea hukatika kwenye meno badala ya kuvutika. Ukiziona baada ya kuyeyuka utadhani zimeharibika, zimelala kwenye sahani kama kitambaa kilicholowa. Usizitupe. Zikaushe kwa taulo safi, kila moja, pande zote.

Kukausha kwenyewe kunastahili subira kuliko kunavyopewa. Tone moja la maji lililobaki juu ya pete ni ukuta kati ya kitunguu na rojo. Kwa sababu hiyo fundi, baada ya taulo, huzigaragaza pete kwenye unga mkavu na kuzikung'uta mpaka ubaki ukungu tu wa unga. Unga huo hunywa unyevu uliobaki na kulipa rojo mahali pa kushika. Wengine huloweka pete kwanza kwenye maziwa lala, ambayo ni mazito na yana uchachu, halafu unga, halafu wanarudia. Gamba lake huwa nene, lenye magamba madogo madogo, na lina ladha. Kwangu ni zito mno, lakini sitagombana na anayelipenda.

Rojo ndilo linalomtambulisha mpishi. Unga wa ngano peke yake una tatizo: ukikutana na maji na kukorogwa, protini zake hushikana zikawa ule mnato unaofanya chapati ivutike. Kwenye chapati ni baraka. Kwenye pete ni gamba gumu kama ngozi ya viatu. Kila mbinu ya rojo ni njia ya kuuzuia mnato huo. Sehemu ya ngano hubadilishwa kwa wanga wa mahindi au unga wa mchele, ambao hauna protini hiyo na hukauka vizuri. Maji huwa baridi kabisa, ya barafu, kama wanavyofanya Wajapani kwa tempura yao. Mkorogo huwa mfupi: madonge madogo ya unga yanaruhusiwa, yanapendwa hata, kwa sababu mkono unaotaka kuyamaliza yote ndio unaoukaza unga. Na maji huwa na gesi. Huko Marekani na Uingereza hutumia bia. Jikoni ambamo pombe haiingii, soda ya maji isiyo na sukari, iliyotoka kwenye jokofu muda huohuo, inafanya kazi karibu sawa. Gesi inapokutana na mafuta ya moto hutanuka na kukimbia, ikiacha vitundu vidogo vidogo ndani ya gamba, na vitundu ndivyo vinavyosikika mdomoni.

Uzito wa rojo haupimwi kwa kikombe, maana unga wa leo si mkavu kama wa jana. Fundi huchovya kidole na kukiinua. Likitiririka lote mpaka ngozi ionekane, ni jepesi. Likibaki limeganda kama plasta, ni zito. Linalotakiwa hudondoka pole pole, likaacha koti ambalo unaona kivuli cha ukucha chini yake. Huongeza kijiko cha maji au konzi ya unga bila kuacha mazungumzo aliyokuwa nayo.

Mafuta husubiriwa. Yakiwa chini ya nyuzi 170, rojo linakaa muda mrefu bila kukauka na kunywa mafuta. Yakipita 190, nje inaungua. Vipimajoto vipo na si ghali, lakini mikono mingi huko mitaani hupima kwa tone la rojo: likizama na kukaa, bado; likizama kidogo na kupanda mara moja likiwa na mapovu, tayari; likianza kuwa kahawia hapohapo, punguza moto. Pete hushikwa ukingoni, hutikiswa ili ziada idondoke, huteremshwa kuelekea mbali na mkono, na huachiwa zikiwa zimeshagusa mafuta. Zikirushwa kutoka juu huzama mpaka chini na kunata kwenye karai. Tatu au nne kwa wakati, basi. Kila pete baridi inayoingia hushusha joto la mafuta, na anayejaza karai kwa haraka ya wateja ataishia kuzipika kwenye mafuta ya uvuguvugu.

Halafu kuna ile sauti. Maji yakiwa mvuke hutanuka zaidi ya mara elfu moja na mia sita, na mvuke huo ndio unaotoka kwa kishindo kupitia kwenye gamba. Maadamu unatoka, mafuta hayana nafasi ya kuingia. Kitunguu, kwa hiyo, hakikaangwi. Kinapikwa kwa mvuke wake mwenyewe ndani ya koti linalokaangwa, na ndiyo maana huwa laini na kitamu wakati nje pamekauka. Mwanzoni sauti ni kubwa na mapovu ni makubwa. Dakika moja na kitu baadaye hushuka. Msaidizi akiuliza, "Mama, nizitoe?", jibu huwa fupi: "Bado zinalia, mwanangu." Zikigeuzwa mara moja, zikapata rangi ya dhahabu upande wa pili, na mlio ukawa mwembamba, hutolewa. Si zinyamaze kabisa. Pete iliyonyamaza imeishiwa maji ya kuilinda.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sehemu kubwa ya mafuta huingia kwenye chakula baada ya kukitoa. Mvuke uliobaki ndani unapoa na kuwa maji, unaacha ombwe, na ombwe linavuta mafuta yaliyo juu ya gamba. Sekunde za mwanzo nje ya karai ndizo zenye uzito. Fundi hutikisa upawa wa matundu juu ya karai, kisha hupanga pete juu ya waya, hewa ipite chini yake. Anayezirundika juu ya gazeti anazifungia mvuke wake wenyewe, na gamba alilolihangaikia nusu saa linalegea kwa dakika mbili. Chumvi hunyunyizwa hapohapo, wakati uso bado una mng'ao wa mafuta wa kuishika.

Nani aliyeanza? Kitabu cha mapishi cha John Mollard kilichotoka London mwaka 1802 kina maelekezo ya kukata vitunguu pete za nusu inchi, kuvichovya kwenye rojo la unga, krimu, chumvi, pilipili na jibini ya Parmesan, kuvikaanga kwenye mafuta ya nguruwe, na kuvila kwa siagi iliyoyeyushwa yenye haradali. Baada ya hapo Marekani ndiyo iliyoipa pete hii umaarufu. Pig Stand, mgahawa wa Dallas ulioanza 1921 na kuwahudumia watu wakiwa ndani ya magari yao, ulijidai kuwa ndio uliozibuni. Mwaka 1933 tangazo la mafuta ya Crisco kwenye jarida la New York Times lilichapisha mapishi yake: maziwa, unga, mafuta ya moto. Madai ya Pig Stand siyaamini sana, kwa kuwa Mollard amewatangulia kwa zaidi ya karne. Lakini gari naliamini. Chakula kinacholiwa kwa mkono mmoja, cha moto, kisichodondosha mchuzi kwenye kiti, kilihitaji watu waliokaa nyuma ya usukani.

Viwanda vilikuja vikaona kwamba kazi hii ya mkono haiwezekani kwa maelfu. Vingine vikaacha kukata pete kabisa. Husaga kitunguu, hukichanganya na alginati, hukifinyanga kwa umbo la pete, na kukipitisha kwenye chumvi ya kalisiamu inayoligandisha umbo mara moja. Alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Ule mwani mwekundu ambao wanawake wa Paje na Jambiani wanaulima Zanzibar hutoa kitu kingine, karajini. Pete ya kiwandani ina sifa moja ambayo lazima nikiri: kitunguu chake hakiwezi kuchomoka. Kila mng'ato unakatika sawasawa, na kila pete ni sawa na mwenzake. Haina tabaka, haina mvuke wa kusubiriwa, na ukiila ukiwa umefumba macho utajua kuna kitunguu mahali fulani karibu.

Kuna jibu jingine kwa swali lilelile la maji, nalo tunalo karibu zaidi. Bajia ya kitunguu iliyoletwa pwani na Wahindi haipigani na maji hata kidogo. Kitunguu hukatwa nyuzi nyembamba, hutiwa chumvi na kukandwa kwa vidole, kisha huachwa. Chumvi huvuta maji yake nje mpaka nyuzi zote zimelowa. Hapo ndipo unga wa dengu hunyunyizwa juu, na bizari, pilipili iliyokatwakatwa, majani ya kotimiri, pengine na konzi ya unga wa mchele ili zikauke vizuri. Mpishi mwenye msimamo haongezi hata tone la maji ya bomba. Kitunguu chenyewe ndicho kinachotengeneza rojo lake, kidogo tu, la kutosha kushikisha nyuzi, nyingine zikiachwa zikichomoza ovyo ili ziungue nchani. Zikitoka kwenye karai hazina umbo. Kila moja ni ya aina yake, na ile sehemu nyeusi kidogo ya nchani ndiyo watoto hugombea.

Kwa utamu, nikilazimishwa kuchagua, nitakula bajia, na chatine ya ukwaju pembeni. Kwa ustadi, hapana. Bajia husamehe. Rojo likizidi, unapata bajia nene. Mafuta yakipoa kidogo, zinakawia tu. Pete ya kitunguu haisamehe hatua hata moja: utando ukisahaulika, tone la maji likibaki, rojo likikorogwa mara mbili zaidi, karai likijazwa, kosa litaonekana kwenye mng'ato wa kwanza na mbele ya watu. Anayezitoa zote salama, sahani baada ya sahani, jioni ya Ijumaa wateja wakiwa wamepanga foleni, yuko daraja moja na mpishi yeyote wa pilau unayemsifia kwenye harusi.

Kwa hiyo ukizikuta mahali zinapokaangwa hivyo, usiombe zifungwe kwenye mfuko ukale nyumbani. Karatasi na mvuke vitazimaliza kabla hujafika kituo cha daladala. Simama hapohapo, kamulia ndimu, na ule zikiwa za moto.